Amani ya Kristo Jumapili, barazani Jumatatu: ibada zetu zina moyo au tumezoea tu?

#1 KahawaChungu

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu tangu Krismasi. Leo naumwaga kama ulivyo.

Mimi ni Mkatoliki, Mchaga, riziki yangu iko Dar. Desemba nilipanda nyumbani kama kawaida ya watu wa kwetu. Jumapili ya kwanza nikaenda misa ya pili, kanisa limefurika watu wa mijini na watoto wao, benchi la watu saba tumebanana kumi. Sikuangalia nani kakaa pembeni yangu. Baada ya Baba Yetu padri akasema tutakiane amani. Nikageuka kulia, mama mmoja nisiyemjua, amani ya Kristo. Nikageuka kushoto: kaka yangu wa kwanza, tumbo moja.

Hatujasemezana miezi 14. Masale, ile mimea yetu Wachaga ya kuonyesha mpaka, yameng'olewa yakapandwa hatua tatu ndani ya kihamba changu, yaani shamba la migomba la urithi. Yeye anasema niliyeng'oa ni mimi, tena baba akiwa bado kitandani. Baraza la kata lilituita likashindwa kutupatanisha, sasa tuko la wilaya, kila mtu na wakili wake.

Akanipa mkono. Mkono mkavu, wenye sugu. Alinishika vidole vinne tu, dole gumba kaliacha nje, kama mtu aliyeazimwa jembe na hana hakika nalo. "Amani ya Kristo." "Amani ya Kristo." Macho yake yalikuwa kwenye kola ya shati langu. Kisha tukapanga foleni ya komunyo, yeye mbele mimi nyuma, nikawa natazama kisogo chake kilivyoanza kuota mvi kama cha marehemu baba. Nje tukapitana kama abiria wa mabasi tofauti. Jumatatu wakili wake akamtumia wangu karatasi.

Sasa nauliza, pale tulifanya nini? Dakika arobaini nyuma wote wawili tulikuwa tumejipiga kifua, "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana", na nawaambia ukweli, wakati najipiga kifua nilikuwa nahesabu hatua kutoka getini hadi kwenye mgomba wa mwisho. Isaya alishasema, na Yesu akarudia kwenye Mathayo 15: watu hawa huniheshimu kwa midomo, ila mioyo yao iko mbali nami. Nilikuwa nadhani ni maneno ya kuwaambia Mafarisayo tu.

Nimeamua tangu sasa ikifika pale nafumba macho kama nasali, mkono simpi mtu. Afadhali nisitende kuliko kuigiza. Karibuni mnikosoe.

#2 MzukaWaMtaa

Mkuu korona ilikuwa inakufaa sana, 2020 mlikuwa mnainamishiana vichwa tu kila mtu kwenye alama yake, biashara imeisha.

Ila miezi 14 kwa hatua tatu? Hatua za mtu mrefu au mfupi?

#3 FundiSpika

Mleta mada, ngoja nikutoe wasiwasi: usidhani ukihamia kwetu tusio na kitabu cha ibada utakuwa umepona.

Nafanya kazi ya mitambo ya sauti kwenye makanisa ya kilokole, mwaka wa tisa huu, na mwenyewe nimeokoka kabla hujaniuliza. Tunawasema nyie kila wiki kwamba mnasoma sala, sisi tunaongozwa na Roho. Sasa njoo ukae na mimi nyuma kwenye mikisa, ule mtambo wa kupanga sauti. Kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu. Sifa nyimbo tatu za haraka. Kuabudu nyimbo mbili. Wimbo wa pili ukifika kiitikio cha tatu, ngoma zinakata, gitaa linakata, anabaki mpiga kinanda peke yake kwenye ile sauti laini kama upepo. Mimi naongeza mwangwi kidogo kwenye maiki ya mchungaji. Hapo watu wanalia.

Wanalia ibada ya kwanza saa 2 kasoro. Wanalia ibada ya pili saa 5 kasoro. Dakika ile ile. Siku moja umeme ulikatika tukiwa katikati ya kiitikio, jenereta likagoma, nikashuhudia kanisa zima linatazamana kama watu walioamshwa usiku. Mchungaji akasema "mwambie jirani yako Mungu ni mwema", wakaambiana, kimya kikarudi. Mzee mmoja mbele akaanza kusali kwa sauti ya kawaida kabisa, anamwombea mjukuu wake apate nafasi ya chuo. Hakuna aliyeitikia kwa sababu hakuna aliyejua tunaitikia wapi.

Sisemi wale wanaolia wanaigiza. Wengi naujua msiba wao. Ila kusema nyie mna utaratibu na sisi tuna moyo, hiyo hapana. Utaratibu tunao, hatujauchapa tu.

#4 MjukuuWaMlokole

FundiSpika umegusa kidonda cha ukoo wetu.

Mimi ni wa Kagera, Mlutheri, bibi yangu alikuwa mlokole wa wale wenyewe. Ule uamsho wengine wanausikia kwenye nyimbo tu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini kule Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi pale Namirembe, Kampala, wakakaa kusoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaingia Uganda, ukavuka kuja kwetu na Kenya. Na kilichowachoma kilikuwa hiki hiki cha mleta mada: Wakristo wenye majina ya ubatizo, wanaimba vizuri, wanaijua ibada yote kwa kichwa, na nyumbani hakukaliki. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kilifukuza wanafunzi 26 wa kundi hilo. Hao ndio waliokuwa wanawasumbua wenzao alfajiri kwa maombi na kuwaambia viongozi wao kwamba wamelala.

Kwao kuokoka hakukuwa maneno. Waliita kutembea nuruni: unasimama mbele ya wenzako unataja ulichofanya, kisha unakwenda kukirekebisha. Bibi alirudisha sufuria ya jirani aliyokaa nayo miaka sita. Akaibeba kichwani mchana kweupe njia nzima, watu wanamuuliza unaenda wapi, anawajibu. Jirani mwenyewe alishasahau kama alikuwa na sufuria.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Nilipokuwa mtoto miaka ya 1980 nilikuwa nahudhuria naye mikutano ya ndugu. Ushuhuda ulishakuwa na kiolezo. "Bwana Yesu asifiwe. Naitwa fulani. Nimeokoka tarehe fulani. Nilikuwa mlevi, mwongo, mzinzi, Bwana akanitoa. Hadi leo ananitunza. Ndugu nisaidieni kuimba." Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa uamsho, inapigwa, anasimama mwingine. Dhambi zote zilikuwa za kabla ya tarehe ile! Hakuna aliyesimama kusema juzi. Bibi alikuwa anakaa nyuma ananung'unika Kihaya, na siku moja nikamuuliza anasema nini. Akaniambia, "Nasubiri mwenye sufuria."

Na hiyo "Bwana Yesu asifiwe" yenyewe, ambayo ilikuwa namna ya kumtambua aliyeokoka mwenzako, leo inafungua vikao vya kamati ya harusi. Mwenye maiki anairudia mara tatu mpaka watu wanyamaze. Ni kengele.

Kwa hiyo usifumbe macho, KahawaChungu. Walokole walitupa kitabu pembeni, wakasimama bila kitabu, na baada ya miaka hamsini wakawa wameandika kingine bila kalamu.

#5 PwaniHadiBara

Mimi Muislamu, napita tu, mkiniruhusu. Kwetu amali huhesabiwa kwa nia, na sala bila nia haisihi. Lakini sijapata kusikia sheikh akisema kwa kuwa moyo wako umevurugika leo basi usirukuu. Utaambiwa sali, na moyo uulete. Nimeona niseme hilo kisha nikae pembeni.

#6 MizizIYetu

Mnahangaika na mikono ya kigeni. Wewe ni Mchaga, nyumbani kwenu kuna isale. Mababu zako wakikosana, mtu anachukua jani la isale anakwenda nalo kwa mwenzake, na aliyeletewa halikatai. Hakukuwa na padri, kinanda wala wakili. Mmeacha cha kwenu chenye maana, mmeshika cha watu mnakilalamikia kwamba hakina maana. Halafu hayo hayo masale ndiyo mnayong'oleana.

#7 NiliachaSeminari

Mizizi, umempiga mtu kofi lakini umempa na dawa. Nitarudi kwenye hilo.

KahawaChungu, umenukuu Mathayo 15, rudi nyuma sura kumi. Mathayo 5:23: ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, nenda ukapatane naye kwanza, kisha urudi uitoe. Angalia ni nani mwenye neno. Haisemi "ukikumbuka wewe una neno juu yake". Yesu hajauliza nani aling'oa. Ameuliza nani kakumbuka. Na wewe ulikumbuka vizuri sana, mpaka ukahesabu migomba.

Didake, kile kitabu kidogo cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, sura ya 14 kinasema mwenye ugomvi na mwenzake asikusanyike nao mpaka wapatane, sadaka isije ikanajisika. Ndiyo maana liturujia nyingi za kale, na hata Waanglikana leo, wanapeana amani kabla ya vipaji kupelekwa altareni. Kwetu sisi wa Roma iko baada ya Baba Yetu, hatua chache kabla ya komunyo. Mjadala wa kuihamisha ulikuwepo, na mwaka 2014 Vatikano ikaandika kwamba inabaki pale pale, ila watu wapunguze kuzungukazunguka kanisa zima kama sokoni. Mimi binafsi ningeihamisha. Ikiwa mapema mtu anapata nafasi ya kutoka nje. Ilipo sasa, umeshakaa saa nzima, foleni inaanza, na majirani wanakutazama, nani atatoka?

Kuhusu maneno ya kurudiarudia, watu hupenda kunukuu "msipayuke-payuke" ya Mathayo 6. Sawa. Lakini Gethsemane Yesu aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale", hayo ni Mathayo 26:44, mwandishi yule yule. Na msalabani alipozidiwa alichukua mstari wa Zaburi ya 22, sala ya kitabuni, ambayo Wayahudi walikuwa wakiisali kabla yake. Hakutunga.

Mwenye hatia zaidi ya Mafarisayo kwenye habari hii ni Korintho. Walikuwa na ibada yenye uhai wote, karama, lugha, unabii. Paulo akawaambia wanapokutana si chakula cha Bwana wanachokula, kwa sababu huyu ana njaa na huyu amelewa. Ukiisoma ile 1 Wakorinto 11, hawakosi hisia hata kidogo. Wanakosa kusubiriana.

#8 KahawaChungu

Nasoma yote, asanteni. MjukuuWaMlokole, hiyo ya sufuria imenikalia rohoni.

MizizIYetu, wewe tugombane kidogo. Isale nalijua kuliko unavyodhani, nimekulia chini yake. Ni kweli halikataliwi. Lakini kwa sababu halikataliwi, nimeona watu wakilitumia kama hati ya kukamata. Nina baba mdogo alikuwa anampiga mkewe, asubuhi analeta isale mbele ya wazee. Mama yule analipokea, afanyeje? Wiki mbili, isale jingine. Mpaka ule mti karibu na banda ukabaki fimbo tupu. Kwa hiyo usiniambie cha mababu hakichakai. Kinachakaa vile vile.

#9 MizizIYetu

Hapo sina jibu. Pole kwa mama mdogo.

#10 ShemejiYaoWote

Niwaongelee upande wa jikoni maana wanaume mnapenda Korintho.

Mimi nimeolewa kwenye ukoo wenye kesi kama hii. Waume hawasalimiani, sisi wake tunakutana jumuiya kila Jumamosi alfajiri, tunasali rozari pamoja, tunachangiana. Unafikiri tunapendana? Mara nyingi hapana. Wengine wanasema wazi kabisa, "nahudhuria jumuiya ili nizikwe", maana usipoonekana, siku ya msiba wako barua ya jumuiya inatafutwa na wimbo hauanzi. Nilikuwa nadharau watu wa namna hiyo. Basi mwaka juzi nilifiwa na mtoto wa dada yangu niliyekuwa nikimlea. Aliyefika wa kwanza saa 11 alfajiri na ndoo mbili za maji alikuwa yule mke mwenzangu wa ukoo ambaye mumewe na mume wangu wako mahakamani. Hakuniambia neno tamu. Aliuliza "kuni ziko wapi?" Alikuja kwa sababu ni zamu ya jumuiya, daftari linasema hivyo.

Sasa nyie mniambie ile ilikuwa moyo au ilikuwa utaratibu. Mimi nilichojua ni kwamba maji yalikuwepo.

#11 MzukaWaMtaa

Uzi umenifanya nisitanie. Naudhika.

#12 MzeeWaKengele

Vijana, shikamooni hamtoi humu kwa hiyo sidai.

Nilitumikia misa nikiwa mtoto, zama za Kilatini. Padri akisema "Introibo ad altare Dei", sisi watoto tunajibu "ad Deum qui laetificat juventutem meam". Tulifundishwa kwa fimbo, neno kwa neno. Sikuwa najua kwamba ninasema Mungu anaufurahisha ujana wangu. Nilikuwa naogopa kuangusha kitabu. Nyuma akina mama walikuwa wanasali rozari zao, kila mtu na lake, kengele ikilia wanapiga magoti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia Desemba 1963 na Kiswahili kikaingia altareni, tulifurahi. Lakini mzee mmoja wa kwetu alisema sasa padri anaongea kama diwani. Nikimsikiliza kiongozi wa matangazo siku hizi, dakika ishirini za michango, namkumbuka yule mzee.

Nilitaka kusema jingine lakini. Baadaye nilikuwa katekista na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupiga kengele ya Malaika wa Bwana, asubuhi, mchana na jioni. Kuna miaka mitatu, sitasema sababu, nilikuwa siamini kitu. Nilikuwa navuta ile kamba kwa sababu ni kazi na nilikuwa na watoto wa kulisha. Naivuta, nawaza bei ya mahindi. Nilijiona mnafiki mkubwa kuliko wote wilayani, nikapanga kuacha.

Kabla sijaacha nikapata homa, siku nne sikupiga. Nilipotoka, mama mmoja mlemavu anayelima bondeni akanikuta njiani akanigombeza. Alisema siku nne amelima bila kupumzika kwa sababu hakujua saa sita ni lini. Kumbe yeye kengele ikilia alikuwa anaegemea jembe, anasali, anakunywa maji. Nikarudi kwenye kamba. Imani haikurudi siku ile, wala mwezi ule. Lakini sikuweza tena kusema kwamba ninachofanya ni bure.

Yule kijana wa seminari atakuambia habari za Agostino na Wadonati, wale wa Afrika ya Kaskazini waliosema padri mchafu sakramenti yake haifai.

#13 NiliachaSeminari

Mzee umenipokonya mdomoni, shikamoo. Ndiyo, walibishana Karthago mwaka 411, na hoja ya Agostino ni kwamba anayebatiza kwa hakika ni Kristo, si yule mwenye mkono. Lakini KahawaChungu asijifiche hapo. Hiyo inamlinda anayepokea dhidi ya uchafu wa anayetoa. Yeye na kaka yake wote wawili walikuwa wanatoa.

#14 FundiSpika

Mzee wa kengele, nimekusoma mara mbili nikiwa nakunja nyaya.

#15 KahawaChungu

Wakuu, nimerudi. Ni wiki ya pili ya Kwaresima.

Jumatano ya Majivu nilikuwa Dar. Padri akanipaka majivu, "kumbuka u mavumbi", na hapo sikusikia chochote, nawaza foleni ya daraja. Ijumaa nikachukua basi la alfajiri. Msiniulize nilikuwa nimeguswa na nini. Sikuwa nimeguswa. Njia nzima nilikuwa namkasirikia, Korogwe namkasirikia, Same namkasirikia. Nilikuwa naenda kwa sababu ya ndoo za maji na ile sufuria, na kwa sababu NiliachaSeminari alisema "nani kakumbuka".

Nimefika jioni. Nikakata isale, nikaoga, nikaenda kwake. Mbwa wake amenisahau, akabweka. Kaka hayupo, kaenda kuangalia ng'ombe huko tambarare, atarudi kesho kutwa. Yuko shemeji peke yake, anamenya ndizi mlangoni. Akaniona mkononi nina nini. Kisu akakiweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye kanga, akanyanyuka. Mimi nilikuwa nimepanga maneno tangu Chalinze, nikajikuta nasema "hili ni la kaka" basi.

Akalipokea kwa mikono miwili. Hakusema amenisamehe, kwanza si yeye mwenye kesi. Alilichomeka kwenye kopo la maji juu ya kabati la vyombo, pembeni ya picha ya baba, akaniuliza kama nimekula. Nilikula mtori nikaondoka. Jumapili nilikuwa nimesharudi Dar. Hajanipigia. Shauri liko pale pale, tarehe 14 tunaitwa.

#16 MzukaWaMtaa

Safari njema ya kurudi mkuu. Swali moja la kiufundi. Hilo isale ulilikata wapi?

#17 KahawaChungu

Pale mpakani. Ndiyo yaliyo karibu.

#18 MzukaWaMtaa

La kwako au la kwake?

#19 KahawaChungu

Hiyo ndiyo kesi yenyewe, mkuu.